Valvu iliwekwa Chennai, mgonjwa anaishi Sengerema

Swali: "Shikamoo daktari. Mdogo wangu wa kike ana miaka 22. Alibadilishiwa valvu ya moyo ya mitrali huko Chennai, India, akawekewa ya chuma. Tuna miezi miwili na nusu tangu turudi Sengerema. Kule alikuwa akitumia Acitrom ya miligramu 2 kila usiku. Ilipoisha, duka la dawa hapa hawakuwa nayo, wakatupa warfarini ya miligramu 5, wakasema anywe nusu kwa sababu nusu inakaribia 2. Sasa ni wiki tatu. Hospitali tuliyokwenda walituambia turudi kwa waliomfanyia upasuaji. Daktari wa India anajibu WhatsApp, ila si kila siku. Je, ni lazima tumrudishe India kila miezi sita kama alivyosema wakala aliyetupangia safari? Na je, ataweza kuolewa na kuzaa?"

Jibu: Marahaba ndugu yangu, na poleni na safari. Nitaanza na hicho kidonge, maana hatari ya leo iko hapo. Hayo mengine yanaweza kusubiri siku mbili tatu. Hili la kidonge haliwezi.

Acitrom ni jina la kibiashara la asenokumaroli, dawa ambayo madaktari wa India huiandika sana lakini kwetu ni nadra kuikuta. Yenyewe na warfarini ni dawa za kundi moja: zote humnyima mgonjwa kazi ya vitamini K, ini likashindwa kutengeneza kwa wingi vile vitu vinavyogandisha damu. Lakini hazilingani miligramu kwa miligramu. Kwa makadirio, miligramu 2 za asenokumaroli hufanya kazi ya miligramu 4 hivi za warfarini, na hata hapo watu hutofautiana sana. Nusu ya kidonge cha 5 ni miligramu 2.5. Maana yake ni kwamba mdogo wako huenda kwa wiki tatu amekuwa akinywa chini ya theluthi mbili ya anachohitaji. Aliyewauzia dawa alitaka kuwasaidia, lakini badiliko la namna hii halifanywi dukani kwa kulinganisha namba zilizoandikwa kwenye pakiti. Hufanywa na daktari, na kipimo kikiwa mkononi.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni mahali valvu yenyewe ilipo. Valvu ni mlango wa damu ndani ya moyo. Ya mitrali iko kati ya chumba cha juu na cha chini upande wa kushoto wa moyo, na damu hupita hapo kwa mwendo wa taratibu kuliko inavyopita kwenye valvu ya aota, ule mshipa mkuu unaotoa damu moyoni. Damu inayokwenda taratibu juu ya kitu kisicho cha mwili huganda kwa urahisi. Bonge likishajijenga, ama valvu inakwama na mapafu yanajaa maji, ama kipande kinakatika na kupanda ubongoni, na hicho ndicho kiharusi.

Kwa hiyo apimwe INR leo, au kesho asubuhi mkichelewa sana. INR ni kipimo cha damu kinachoonyesha inachelewa kuganda kiasi gani: namba ikipanda, damu inachelewa zaidi. Mtu asiyetumia dawa hizi ana INR ya 1 hivi. Mwenye valvu ya chuma ya mitrali kwa kawaida tunataka awe kati ya 2.5 na 3.5. Ikitoka chini ya 2, msikubali kurudishwa nyumbani na miadi ya wiki ijayo, maana huenda akahitaji sindano za heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda inayofanya kazi haraka, wakati dozi ya warfarini inapandishwa, na hilo ni la hospitalini. Ikitoka 5 au zaidi, napo aonwe na daktari siku hiyo hiyo hata kama hatoki damu. Msiongeze wala msipunguze kidonge wenyewe kwa kusoma jibu hili. Mimi sijaiona INR yake, na ninyi pia hamjaiona.

Kipimo chenyewe kina mitego yake. Damu ya INR huwekwa kwenye kichupa chenye kifuniko cha rangi ya samawati, ambacho ndani yake tayari kuna kimiminika kidogo cha sitrati. Kimepimwa kwa hesabu: sehemu tisa za damu kwa sehemu moja ya sitrati. Kichupa kisipojazwa mpaka mstari, sitrati inazidi, na INR inatoka juu kuliko ilivyo. Daktari akiamini jibu hilo atapunguza dawa kwa mgonjwa ambaye pengine alistahili kuongezewa. Mwambie mdogo wako akitazame kichupa chake kabla hakijaondoka mezani. Asione haya kusema "hakijafika mstarini". Ana haki ya kusema hivyo. Na inapowezekana apime maabara ile ile kila mara.

Warfarini haina haraka. Dozi ikibadilishwa leo, badiliko lake huanza kuonekana vizuri kwenye damu baada ya siku tatu hadi tano, kwa hiyo anayebadilisha leo na kupima kesho anapima dozi ya wiki iliyopita. Ndiyo sababu mwanzoni tunapima kila baada ya siku chache, kisha kila wiki, na majibu yakitulia tunafika mara moja kwa mwezi. Mabadiliko nayo huwa madogo. Mgonjwa anayekunywa miligramu 5 kila siku anakunywa 35 kwa wiki. INR yake ikipanda kidogo juu ya lengo, mara nyingi inatosha siku moja katika wiki, tuseme Jumapili, anywe nusu, na jumla ya wiki inakuwa 32.5. Ukiona mtu anaruka kutoka kidonge kizima kila siku hadi nusu kila siku kwa sababu ya INR ya 3.8, hapo tatizo jingine limeshatengenezwa.

Mnunulieni daftari. Kila mstari uwe na tarehe, INR, dozi anayokunywa, na tarehe ya kupima tena. Dawa ainywe jioni, saa ile ile, ili jibu la asubuhi liwahi kubadilisha dozi ya siku hiyo ikibidi. Akisahau na kukumbuka kabla hajalala, anywe. Akikumbuka kesho yake, asinywe mara mbili, ila aandike kwenye daftari kwamba alisahau. Hilo la kuandika lina uzito wake: daktari asiyejua kwamba dozi mbili ziliachwa ataipandisha dawa bila sababu.

Sasa hospitali iliyowaambia mrudi kwa waliomfanyia upasuaji. Jibu hilo halikuwa sahihi, na ninalisikia mara nyingi mno. Mgonjwa mwenye valvu hutunzwa kwa namna moja, iwe iliwekwa Chennai, Dar es Salaam au Nairobi. Lakini nadhani naijua hofu ya daktari aliyewapokea: alimwona msichana mwenye kovu katikati ya kifua, dawa asiyoifahamu, na hana karatasi hata moja ya kumweleza kilichofanyika ndani. Hofu hiyo dawa yake ni nyaraka.

Waandikieni idara ya wagonjwa wa kimataifa ya hospitali ile, si wakala, muombe ripoti ya kuruhusiwa, ripoti ya upasuaji wenyewe, majibu ya eko (picha ya moyo ya ultrasound) ya kabla na ya baada, na chati ya INR ya siku alizolazwa. Ni kumbukumbu za mgonjwa na ana haki ya nakala. Muhimu kuliko vyote ni kadi ya valvu. Hiyo ni kadi ndogo yenye jina la valvu, aina, ukubwa kwa milimita, namba yake ya utambulisho na tarehe ya kuwekwa. Ipigeni picha ikae kwenye simu ya kila mtu wa nyumbani, na yeye atembee nayo. Majina ya dawa yaandikwe kwa jina la dawa lenyewe, siyo la kibiashara tu. Mngekuwa na karatasi iliyoandikwa asenokumaroli na lengo la INR, pengine haya ya wiki tatu yasingetokea.

Mkiwa na hizo, ombeni hospitali ya wilaya iwape barua ya rufaa kwenda kliniki ya moyo ya Bugando, Mwanza. Kwa vile daraja la Kigongo–Busisi sasa linapitika, hamsubiri kivuko tena, na hiyo ndiyo iwe kliniki yake. Hakuna ubaya akaonwa pia Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, mkipata nafasi, au wataalamu wao wanapokuja mikoani kwa tiba mkoba. Ila mwenye kubadilisha dozi ya warfarini awe mmoja. Huyu akipandisha, yule wa WhatsApp akishusha, na mjomba aliye nesi akashauri la tatu, atakayeumia ni mgonjwa. Daktari wa Chennai mumtumie kwa anachokijua kuliko sote, yaani alichokikuta na alichokifanya alipofungua kifua. Dozi ya wiki hii siyo kazi yake, maana hamuoni mgonjwa wala hajui alikula nini na alipewa dawa gani ya malaria juzi.

Na hapo kwenye dawa nyingine ndipo wagonjwa wetu wengi hukwama. Flagyl, Septrin na flukonazoli hupandisha INR, wakati mwingine kwa kasi ya kutisha. Rifampisini ya kifua kikuu huishusha, na baadhi ya dawa za kifafa pia. Hatusemi asitibiwe. Anapoanza yoyote kati ya hizo, au anapoimaliza, INR ipimwe ndani ya siku chache. Vivyo hivyo baada ya tiba ya malaria. Maumivu ya kawaida atumie parasetamoli. Diklofenaki na ibuprofeni akae nazo mbali kabisa, kwa sababu huchubua tumbo la mtu ambaye damu yake haigandi upesi. Sindano za nyama ziepukwe kila inapowezekana, maana damu inaweza kuvilia ndani ya msuli. Kama ni malaria kali, artesunati ichomwe kwenye mshipa.

Kwenye mboga, watu huogopeshwa kupita kiasi. Mchicha, matembele, kisamvu na sukuma wiki vina vitamini K nyingi, ni kweli, lakini mdogo wako hakukatazwa kula mboga. Ale kiasi kinachofanana wiki hadi wiki, na dozi itapangwa kwa kufuata ulaji huo. Shida huja anapoacha mboga mwezi mzima halafu akazila mfululizo, au anapoletewa unga wa mlonge "wa kuongeza damu". Unga huo ni majani mabichi yaliyokaushwa na kukusanywa pamoja, na kijiko kila siku kinaweza kuishusha INR. Dawa za kienyeji za kuchemsha ndizo ninazoziogopa zaidi kwa sababu hatujui kilichomo.

Mtaambiwa pia kuna dawa mpya za kuzuia damu kuganda zisizohitaji kipimo, kama rivaroksabani na dabigatrani. Ni dawa nzuri kwa wagonjwa wengine. Kwa valvu ya chuma, hapana. Dabigatrani ilijaribiwa kwa wagonjwa wa aina hii, na utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulisimamishwa kabla ya wakati kwa sababu waliokuwa wakiitumia walipata mabonge ya damu zaidi, na kutokwa damu zaidi pia. Akiuziwa, mzirudishe dukani.

Kuna jambo ambalo hukuuliza, na karibu kila familia inayorudi kutoka nje hulisahau. Kwa umri wake, valvu yake ina uwezekano mkubwa iliharibiwa na homa ya rumatiki, ile inayoanzia kwenye maambukizi ya koo utotoni. Ripoti ya upasuaji itasema. Kama ndivyo, kuwekewa valvu mpya hakujaondoa ugonjwa huo. Amebakiwa na valvu zake tatu za kuzaliwa, na homa ikirudi itazigeukia hizo. Kama alikuwa akichomwa penadur, yaani sindano ya penisilini ya kuzuia homa hiyo isirudi, kila wiki tatu au nne kabla ya safari, asiache kwa kuwa ameshafanyiwa upasuaji. Tunaendelea angalau hadi miaka 40, na wengine maisha yote. Utasema nimekataza sindano za nyama. Hii ni tofauti: INR ikiwa ndani ya lengo huchomwa, kisha pakabanwa kwa dakika kadhaa, na kwa wengine tunachagua vidonge vya penisilini mara mbili kwa siku. Daktari wa kliniki ndiye atakayeamua.

Homa kwake isichukuliwe kuwa ni malaria tu. Apimwe malaria, ndiyo, lakini homa isiyo na maelezo kwa mwenye valvu ya bandia ni maambukizi ya valvu mpaka ithibitike vinginevyo. Kabla hajapewa antibayotiki yoyote, achukuliwe damu ya kuotesha bakteria, mara tatu, kila mara kwa tundu jipya. Dozi moja ya antibayotiki iliyotangulia inaweza kumficha mdudu kwa wiki nzima. Na hapo mseme wazi kwamba alilazwa India. Bakteria wenye kimeng'enya kiitwacho NDM-1, kinachovunja antibayotiki nyingi, walielezwa mara ya kwanza mwaka 2009 kwa mgonjwa wa Sweden aliyekuwa amelazwa New Delhi, na sasa wako duniani kote. Seftriaksoni, dawa ambayo kwetu hukimbiliwa kwanza, haiwafanyi kitu. Kidonda cha kifuani kikitoa majimaji au mfupa ukicheza anapokohoa, aende hospitali siku hiyo na atoe maelezo hayo hayo.

Meno ni mlango mwingine wa bakteria. Apige mswaki kila siku na amwone daktari wa meno kabla halijauma. Jino likilazimika kung'olewa, anywe amoksilini gramu 2 kati ya nusu saa na saa moja kabla, kama hana mzio wa penisilini. Warfarini asiiache kienyeji kwa ajili ya jino moja. INR ikiwa ndani ya lengo, fizi hubanwa kwa shashi na damu husimama.

Usiku nyumba ikiwa kimya, mtakuwa mmeshaisikia valvu yake ikilia kama saa ya mkononi. Wengine huona aibu, hasa wasichana, wakalala na redio. Mwambieni auzoee mlio huo na aujue vizuri, kwa sababu ukififia au ukipotea, na hasa akianza kuishiwa pumzi anapolala chali, ni dharura, hata kama ni saa nane za usiku. Dharura nyingine ni uso kupinda, mkono kulegea, maneno kutotoka, kinyesi cheusi kama lami, kugongwa kichwa hata bila jeraha, na hedhi inayojaza pedi kila saa.

Kuhusu kumrudisha India kila miezi sita: hapana. Eko ya kwanza baada ya upasuaji hufanywa kati ya wiki ya sita na miezi mitatu; kama bado hajafanyiwa, ifanyike Bugando mapema. Hiyo ndiyo itakayolinganishwa na eko zote za baadaye, kwa hiyo majibu yake yatunzwe pamoja na kadi ya valvu. Baada ya hapo aonwe kliniki kila mwaka akiwa mzima, na mapema zaidi akiwa na dalili. Hata ikitokea siku moja akahitaji upasuaji wa pili, upasuaji wa kufungua kifua na kubadilisha valvu unafanyika Dar es Salaam. Fedha za tiketi ya ndege zitamnunulia warfarini na vipimo vya INR kwa miaka mingi. Mkishindwa gharama, onaneni na ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali kabla dawa haijaisha.

Kuolewa ataolewa, na mwenzake aambiwe ukweli mapema. Kuzaa ni suala zito zaidi. Wapo wanawake wenye valvu za chuma waliozaa salama, lakini ni mimba yenye hatari kubwa kwa mama na mtoto. Warfarini inaweza kumlemaza mtoto, hasa kati ya wiki ya 6 na ya 12 za mimba, na hatari huongezeka mama anapohitaji zaidi ya miligramu 5 kwa siku. Heparini haimfikii mtoto, lakini inalinda valvu kwa udhaifu zaidi, na inataka ufuatiliaji wa karibu sana. Hakuna njia isiyo na hatari, kwa hiyo njia ichaguliwe kabla ya mimba, daktari wa moyo na daktari wa wanawake wakiwa wamekaa pamoja naye. Mpaka wakati huo atumie uzazi wa mpango. Vidonge vya kawaida vyenye estrojeni havimfai kwa sababu huongeza kuganda kwa damu. Kijiti cha mkononi kinamfaa. Na mfundisheni kuhesabu siku zake: zikipita wiki moja, apime mimba, na jibu likiwa ndiyo afike kliniki siku hiyo hiyo, huku akiendelea na dawa yake mpaka aambiwe vingine na daktari aliye mbele yake.